Sanduku la Mama na Majora ya Spadina

Mwaka ule, theluji ilipoanza kuyeyuka, mama alikuwa ameshafunga sanduku lake. Lilisimama nyuma ya mlango wa nyumba yetu, ghorofani Thorncliffe Park, Toronto, limekazwa kwa kamba ya katani, na kila asubuhi nikitoka kwenda kiwandani nilijigonga nalo goti. Mama alikuwa amekuja kunilelea mtoto mpaka aanze kutembea. Mtoto mwenyewe hata kutambaa alikuwa bado.

"Jumatatu mwambie mumeo anibadilishie tiketi," alisema. "Siwezi kukaa humu kama kuku kwenye tenga."

Nilikasirika, na hasira zangu zina kelele. Niligongagonga sufuria, nikafunga kabati kwa kishindo, mama akanitazama tu kama mtu anayesubiri mvua ipite. Mtoto angebaki na nani? Lakini ukweli ni kwamba hata kama angepatikana yaya wa bure, nilimtaka mama yangu. Nilikuwa mke wa mtu na mama wa mtu, ila jioni nikiingia mlangoni nikisikia "Wewe mtoto, umekula?" mwili wote ulilegea kwa raha.

Tena nilimwelewa. Tangu kabla sijazaliwa mama alikuwa akiuza vitambaa Kariakoo. Alizoea kupiga kelele kuanzia alfajiri, kutaniana na wachukuzi, kugombana na majirani na kupatana nao kabla ya chai ya saa nne. Huku kwetu alishinda dirishani akihesabu magari. Mtu pekee wa kuongea naye mchana kutwa alikuwa mjukuu ambaye hajui kujibu.

Mwenzangu mmoja kiwandani, huko Downsview, ndiye aliyenitajia Spadina. Aliniambia kuna mtaa mzima wa nguo za jumla na vitambaa. Nilijikuta nimesimamisha kazi, mikono ikiwa hewani. Nilikuwa nimekaa Toronto miaka kadhaa na sikuwahi kufika.

Jumamosi nikamwachia mume wangu mtoto na chupa ya maziwa, nikamvika mama koti la mume wangu lililomfika vifundoni, tukatoka. Basi, treni ya chini ya ardhi, kisha tramu. Njia nzima mama hakusema neno. Tuliposhuka akasimama palepale, watu wakimpita huku na huku.

"Eh!" akasema. "Kumbe mji huu una watu!"

Nami nilisisimka mpaka nikasahau baridi. Vijana walikuwa wakisukuma vyuma vya magurudumu vilivyojaa makoti, wakipiga mluzi ili tuwapishe. Milangoni majora yalisimama wima, ya rangi zote. Kwenye ghorofa za juu cherehani zilikuwa zikinguruma, na kila dirisha lilikuwa na mtu aliyeinama. Kontena la taka lilifurika mabaki ya vitambaa, na mama akachomoa kipande, akakikagua, akakitia mfukoni bila haya. Mtu mmoja alikuwa anapiga kelele za bei kwa Kichina, mwingine akimjibu kwa Kireno, na mama akacheka. Hakuelewa hata neno moja, lakini zile kelele alizifahamu kabisa.

Tukaingia dukani kwa mama mmoja wa Kichina, wa umri wa mama hivi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Mama alipita kwenye majora kama anayesalimia ndugu msibani, huyu anamshika, yule anampapasa. Akafika kwenye jora la pamba, jeupe, lenye maua mekundu makubwa. Akalifinya pembeni kwa ngumi, akaliachia, akaangalia mikunjo.

"Hili," akanong'ona. "Usionyeshe kuwa tunalitaka."

Nikakunja uso kwa nguvu zangu zote. Mwenye duka akaandika bei kwenye kalkuleta akatuonyesha. Mama akaichukua, akaandika ya kwake. Mwenye duka akatikisa kichwa. Mama akasonya ule msonyo niujuayo tangu utotoni, akajifunga vizuri mtandio wake.

"Twende zetu."

Kwetu, mteja akisema twende zetu bado hajaondoka. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Muuzaji hukuacha upige hatua chache, kisha anakuita: njoo mama, usiondoke na hasira, sema basi una ngapi! Mama mwenyewe amewahi kuwafuata watu mpaka kituo cha basi.

Tukatoka taratibu. Hakuna aliyeita. Mama akapunguza mwendo. Akasimama kutazama viatu vya kiume dirishani pa jirani, akavitazama sana. Akainama kurekebisha kiatu chake, ambacho hakikuwa na kamba.

"Ameshatoka?" akaniuliza akiwa bado ameinama.

Nikachungulia. Mwenye duka alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anakula tambi.

"Mama, anakula."

"Anakula?"

Akainuka. Uso wake ulikuwa umesawajika, nami niliona safari yangu nzima inaharibika. Nikaliona akilini lile sanduku nyuma ya mlango. Nikamwambia kwa haraka kwamba huku watu hawaitani, ukiondoka wanajua umeondoka, nitarudi mimi nilipe bei yake yaishe.

"Ulipe bei yake?" Macho yakamwaka. "Mtoto wangu? Nisubiri hapa."

Akarudi peke yake, bila Kiingereza, koti likiburuza. Mimi nikabandika pua kwenye kioo. Kalkuleta ikaenda, ikarudi. Mama akaonyesha dosari ya rangi kwenye ncha ya jora. Mwenye duka akavaa miwani, akaikagua, akaikataa kwa mikono yote miwili. Mama akajishika kiuno, naye akajishika kiuno. Kisha mama akatikisa kichwa, akatoka nje tena! Nilitaka kulia.

"Usigeuke," akaniambia akinipita. "Tembea."

Tukatembea. Tulipofika kwenye viatu vile vya kiume, kioo nyuma yetu kikagongwa. Mama hakugeuka. Kikagongwa tena, kisha nikasikia mlango, na vishindo vya kandambili kwenye lami yenye maji ya theluji. Mwenye duka alimshika mama mkono wa koti, akimvuta na kumkaripia kwa Kichina. Mama naye akavutwa huku akijifanya hataki, akimjibu kwa Kiswahili, "Niache bwana, niache, nimeshasema sitaki," na uso wake wote ukicheka. Sijapata kumwona mama mzuri kama alivyokuwa siku ile.

Tukalinunua jora zima. Mwenye duka alitufungia kwa karatasi na kamba, akampiga mama kofi la begani, na mama akampiga la kwake. Nililibeba begani mpaka kwenye tramu nikiwagonga abiria na kuomba radhi kila kituo. Mama aliongea njia nzima. Alisema yule ni mwizi, ila anaijua kazi.

Nyumbani nikaenda kumnyonyesha mtoto, nikasikia mama anafungua ile kamba ya katani kwenye sanduku. Furaha yote ikaniisha. Nikajua anapakia kitambaa, kimekuwa zawadi ya nyumbani, na Jumatatu ni keshokutwa. Nikakaa na mtoto muda mrefu kuliko alivyohitaji.

Nilipotoka, nguo za mama zilikuwa zimepangwa kabatini, zile za kanisani zimetundikwa. Sanduku lilikuwa palepale nyuma ya mlango. Nikalisukuma kwa goti, likateleza kama boksi tupu.

"Liache hapohapo," mama akasema kutoka jikoni. "Jumamosi ijayo mzigo tutabebea nini? Kichwani? Na wewe mtoto, umekula?"