Magunia ya Dawa Katika Tanuri la Goweko

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanda cha matofali Tabora mjini, Fundi Mkuu alinipeleka moja kwa moja nyuma ya tanuri akanionyesha dohani, lile bomba refu la kutolea moshi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti. Kazi yako ni kuangalia juu. Moshi ukiwa mweusi, takataka haziungui, zinahamia vifuani mwa watu."

Tulichoma takataka ili kuokoa kuni: pumba za mpunga, maganda ya karanga, vumbi la mbao. Alinifundisha kuendesha kilango cha hewa, kibao cha chuma kinachoongeza au kupunguza upepo motoni. Taka ziliruhusiwa kuingia tanuri linapong'aa rangi ya chungwa. Moto ukiwa mwekundu hafifu, unangoja.

Baadaye nilihamishiwa Goweko, kuchoma matofali ya kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zilikuwa zimejengwa karibu mno na tanuri. Mlisha moto wetu alikuwa Mzee Kasele, mwenyeji wa Kigwa, mtu mpole. Hakutia kitu kabla sijainua mkono.

Asubuhi moja lori lilishusha magunia ya dawa ya wadudu wa tumbaku, dawa iliyoharibika iliyotakiwa kuchomwa. Harufu yake ilikaba koo. Kuni zilikuwa zimelowa mvua, moto ulikuwa mwekundu, na upepo ulielekea kijijini.

"Ndugu Meneja," nikamwambia mkuu wetu wa kazi, aliyesimama kando ya lori, "tungoje kuni zikauke."

"Wageni wa mkoa wanafika mchana. Wayakute haya hapa? Au unapinga kazi ya taifa?"

Siku zile maneno hayo yalitosha kumpoteza mtu. Nikainua mkono.

Gunia la pili lilipoingia, moshi wa manjano ulitoka, ukashindwa kupanda, ukalala juu ya nyumba. Kasele alishika kifua akaanguka. Nilifungua kilango chote, nikaamuru watie maganda makavu ya karanga ili moto upande, kisha nikakimbilia kijijini.

"Tokeni! Nendeni upande wa reli!"

Mama mmoja, amemfunika mwanawe kanga usoni, aliniuliza, "Mmetuchomea nini?" Nikamshika mkono nikamvuta kuelekea reli.

Hakufa mtu. Kasele alilazwa hospitali ya Kitete, akatoka na pumzi fupi, na hakulisha moto tena. Meneja alihamishwa. Magunia yaliyobaki nilikataa kuyagusa, na safari hii hakuna aliyenilazimisha.

Ninyi mnaoanza kazi mnaniuliza kuhusu joto na dohani. Hayo mtajifunza. Mimi niliyajua yote asubuhi ile, na bado mkono ulipanda.

Nilipostaafu nilikwenda Kigwa kumwomba Kasele radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Moto niliuona mwekundu kama ulivyouona wewe," akasema. "Nami nilimwogopa Meneja."

Kisha akaanza kukohoa. Nilingoja amalize. Alikohoa muda mrefu.