Dereva Hashiki Kalamu

Siku niliyomwona Mzee Thuwein kwa mara ya kwanza nilidhani ananikejeli. Aliingia dukani kwangu Konde akauliza sukari. Nikamwambia, "Hakuna mpaka gari ya Wete ifike."

"Hakuna mpaka gari ya Wete ifike," akasema, kisha akasimama kunitazama.

Mimi si mtu wa maneno. Nikainamisha kichwa. Dada yake, Bi Rahila, aliyekuwa nyuma yake, akacheka. "Mwambie 'sahihi', baba, ama mtakesha hapo! Huyu kaendesha treni bara umri wake wote. Hata nikimwita kula, hurudia kwanza."

"Sahihi," nikasema. Akaondoka.

Tulizoeana kwa kuwa sote hatukupenda kelele. Alikuwa akija baada ya alasiri, anakaa kwenye kreti ya soda, ananieleza kazi yake. Treni ikiwa inakwenda, dereva hashiki kalamu. Macho yake ni ya reli. Redio ikiita, msaidizi ndiye anayeandika kibali cha njia, yaani treni inaruhusiwa kufika wapi. Akimaliza, humsomea mwongozaji wa treni, aliye upande wa pili wa redio, neno kwa neno, na mwongozaji akijibu "sahihi" ndipo kibali kinakuwa kibali. Msaidizi akishindwa, treni isimame kwanza.

Msaidizi wake alikuwa Mpemba mwenziwe, Kificho wa Chokocho. Siku moja Kificho alishikwa na homa, akalala kitini. Redio ikaita. Walikuwa wamechelewa, Mzee Thuwein hakutaka kusimama. Akaandika mwenyewe juu ya paja, injini inakwenda. Hakurudia alichosikia, alisema tu "nimepata". Kumbe alikuwa ameandika kituo cha mbele badala ya kile cha karibu. Huko mbele walikuta kiberenge cha mafundi wa reli. Mafundi waliruka wakapona, kiberenge kikasagika.

Kwenye uchunguzi aliulizwa kuandika kibali ni kazi ya nani. Akajibu, "Ya msaidizi." Kificho akafukuzwa kazi.

"Sikusema uongo," aliniambia. "Nilinyamaza tu. Na kunyamaza huko ndiko kulikonikaa hapa." Akagusa koo.

Mwaka huu, baada ya Idi, afya yake ilianza kulegea, akataka kwenda Chokocho kuomba radhi. Alinituma nipige simu kwanza, maana yeye sauti ilimkauka kila aliposhika simu.

Kificho alinisikiliza mpaka mwisho. "Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika. Nimemsamehe, mbele ya Mungu simdai kitu. Lakini kwangu asije."

Nikamsomea.

"Sahihi," akasema, akakata simu.

Nikafunga duka. Nilimkuta Mzee Thuwein barazani kwa dada yake, kanzu imepigwa pasi, viatu miguuni. Njiani nilikuwa nimeamua kumpa nusu ya kwanza tu, nusu ya pili nije nimwambie siku nyingine.

"Kakusamehe, mzee."

Alinitazama usoni. Nikainamisha kichwa kama kawaida yangu.

"Yote," akasema. "Kama alivyoyasema."

Nikatoa karatasi nikasoma yote. Bi Rahila, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, akarudi ndani nacho. Mzee akavua kiatu kimoja, halafu cha pili. Wiki ile ile alifariki, kabla hatujaonana tena.

"Mwambie siji," ndivyo alivyoniambia mwishowe pale barazani. "Nawe kafungue duka, watu wanakungoja."