Somo Aliyesimamisha Ngoma Mpaka Godoro Lipatikane

Ijumaa iliyopita watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka msikitini pale bodaboda mmoja aliposimama mbele ya kibanda changu cha ushonaji hapa Kibiti. Hakuzima hata pikipiki. "Dada fundi, somo katutoka," akasema. "Wanazika alasiri." Nikamwuliza somo gani, maana mji huu una makungwi wengi na kila mmoja ana wali wake wanaomwita somo. Akanijibu, "Yule wa godoro." Basi nikajua. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Nikaketi juu ya kitambaa cha mteja nikalia, na katikati ya kulia, Mungu anisamehe, nikacheka. Mtu mzima na heshima zake afe, kisha mji mzima umtambue kwa godoro, na wewe mwenyewe ulikuwepo siku alipolipata jina hilo, utafanyaje? Mnaosoma kona hii kila wiki mnanijua, mimi huzuni hainikai sawasawa, kama gauni la kuazima. Niacheni nimlilie kwa namna yangu, kwa furaha.

Kwa msomaji wa mbali niseme kidogo. Huku kwetu binti akivunja ungo huwekwa ndani, huitwa mwali, na mwanamke mtu mzima humfunda. Huyo ndiye kungwi, na binti atamwita somo mpaka mmoja wao azikwe. Yanayofundwa huko ndani siyasemi, na ningethubutu kuyasema yeye angefufuka anifinye. Lakini kutoka kwa mwali si siri ya mtu. Hupigwa ngoma, hutandikwa khanga chini, mwali hubebwa mabegani, na watu humtunza: huyu noti, yule kitenge, yule sufuria. Mwali akishatoka, kila mwenye kijana wa kuoa anaelewa kwamba mlango uko wazi. Shikeni hilo la mwisho, ndilo lililotutia matatani.

Mimi na marehemu hatukuwa ndugu. Alikuwa mteja. Siku moja aliingia kibandani na kitambaa kizito cha bluu kwapani, akakiweka juu ya cherehani yangu bila hata salamu, kisha akakumbuka adabu akanisalimia. "Nishonee nguo ya mwali wa kutoka," akasema. "Naitaka Jumamosi."

"Gauni au dera, somo?"

"Ovaroli."

Nilidhani ananitania, kwa kuwa wanawake wa kazi yake ni mabingwa wa mizaha. Akanikazia macho. "Ovaroli ya kuchomelea vyuma. Mfuko wa koleo uweke huku, na magotini usimbane, atakuwa anachuchumaa sana."

"Somo, mwali atoke na ovaroli? Watu watasema umerukwa na akili."

"Watasema, mwanangu. Midomo ni yao na mikono ni yao. Mimi shida yangu ni mikono."

Ndipo akanieleza, nami nikaacha kukata kitambaa cha watu nikasikiliza. Kulikuwa na binti wa kutoka Maparoni, visiwani, baba yake alishafariki, mama yake analima mpunga hukohuko delta. Yeye alikuja Kibiti kwa mjomba wake kusoma sekondari. Amepata barua ya chuo cha wananchi, kozi ya uchomeleaji, na anatakiwa aripoti Jumatatu. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine. Fomu ya kujiunga ilikuwa na orodha ndefu: ada, godoro, shuka, ndoo, ovaroli, buti, fyekeo, rimu ya karatasi. Mama alikuwa amezunguka kwa ndugu wote, na wote wamempa jibu moja, "Tutaona." Ndugu haohao wiki iliyotangulia walikuwa wamemtunza binti wa jirani aliyetolewa, wakatunza mpaka ungo wa zawadi ukafurika. "Watu wangu nawajua," somo akaniambia. "Ukiwaletea fomu, mfuko unafungwa. Ukiwaletea ngoma, unafunguka wenyewe. Basi huyu mtoto alikuwa wangu. Nilimfunda mwenyewe, namtoa tena."

Jumamosi baada ya adhuhuri uwanja wa mjomba ulijaa. Nilikwenda na ovaroli mkononi kama niliyebeba nguo ya malkia. Binti alipopandishwa mabegani, ovaroli ya bluu, khanga ya manjano kichwani, poda usoni, macho chini kama inavyotakiwa, vigelegele vikapasua anga. Hapo ndipo nilipoona kazi ya somo. Hakujua kusoma. Alikuwa amemwambia binti amsomee ile fomu mara tatu, akaihifadhi kichwani kama alivyohifadhi nyimbo zake zote. Sasa akaitoa kwa wimbo, kitu kimoja kimoja. Akiimba ndoo, wanawake wanaitikia, ngoma inanguruma, mpaka ghafla anainua mkono na ngoma inakatika. "Ndoo iko wapi?" Watu wanatazamana. Ngoma hairudi. Kiuno cha mtu kimeshaanza kazi, kimeachwa hewani! Mwishowe mama mmoja muuza samaki akapiga kelele, "Ndoo yangu mimi, pigeni bwana!" Ngoma ikarudi kwa kishindo. Ikaja shuka. Ikaja rimu. Ilipofika zamu ya godoro ngoma ilinyamaza muda mrefu hata wazee wakaanza kukohoa. Somo hakushusha mkono. "Mmechoka kucheza? Nendeni majumbani, mimi nitalala hapahapa na mwanangu kwenye mchanga." Mwenye duka la vitanda alikuja kutazama tu, maskini, amesimama nyuma kabisa na soda yake. Wanawake wakageuka wote wakamkodolea macho. "Haya, haya, godoro langu!" akasema. "Lakini ngoma hiyo irefushwe!" Ikarefushwa. Nilicheza mpaka kiatu kikakatika.

Siwezi kuwaambia yote yalikwenda kama mstari wa rula. Mazoea ni mazoea. Waliokuja wamechelewa waliona mwali mabegani, hawakuuliza, wakatunza kama wanavyotunza siku zote. Binti akapata mbuzi tatu za kukunia nazi, kinu kimoja, na sufuria zenye mifuniko. Mbuzi tatu, kwa mtu anayekwenda kula jikoni kwa chuo! Lakini kosa hilo lilikuwa dogo. Kosa lenyewe liliingia kwa miguu saa tisa hivi: wanaume watatu wa Bungu, kanzu zimepigwa pasi, kofia safi, mabegi ya posa mikononi. Walikuwa washenga. Wamesikia mwali katolewa, wakafanya hesabu wanayoijua, wakaja kuposa kabla wengine hawajawahi.

Ngoma ikafa yenyewe, bila mkono wa mtu. Mjomba akawakaribisha kwenye jamvi, uso wake uking'aa, na akasema neno ambalo Kibiti bado wanacheka nalo: "Mambo ya Mungu haya! Godoro lipo, ndoo ipo, shuka ipo. Kilichobaki ni mume!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilicheka na mimi. Kisha nikamtazama binti, bado yuko mabegani kwa watu, na machozi yanachimba njia kwenye ile poda. Mama yake hakucheka. Alikuwa anayatazama mabegi ya washenga, na nilimwelewa, kwa sababu umaskini hukufunza kushika kilichopo. Mume alikuwa pale, wa leo, mwenye jina na ukoo. Chuo kilikuwa karatasi. Mshenga mkubwa akaanza maneno yake matamu ya kuomba, mjomba akaanza kuitikia kwa kichwa, na miye nikahesabu kwamba kabla ya alasiri mtoto wa watu atakuwa amepata mchumba na Jumatatu itapita.

Somo akaenda akakaa kwenye jamvi la wanaume, hakuombwa. "Shemeji zangu, karibuni," akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Huyu mwali nani kamfunda?"

"Ni wewe, mama."

"Na mwali anaposwa somo wake hajasema amemaliza?"

Wakatazamana. Kwa desturi zetu hilo halina jibu la pili. "Hapana, mama. Mpaka somo aseme."

"Basi sijasema. Nimemfunda nusu. Nusu ya pili sinayo mimi, iko chuoni, inachukua miaka miwili. Nitamwita nimalizie, kisha nitasema. Anayetaka kusubiri asubiri. Anayetaka mwali nusu, huku kwangu hauzwi."

Mjomba akapandisha sauti. "Wewe kungwi, mtoto ni wa kwetu!"

"Wa kwenu, mjomba wangu. Na mafunzo ni yangu. Mchukue mtoto, nirudishie mafunzo."

Mjomba akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Mshenga mkubwa, muungwana wa watu, ndiye aliyemaliza kesi. Akacheka taratibu, akasema, "Tumekuja kuposa tumekuta kufundwa hakujaisha. Si aibu, tutangoja." Kisha akaomba aambiwe fomu inahitaji nini kingine. Akaambiwa buti bado. Akatoa za buti. Naam, washenga wakatunza! Ngoma iliyopigwa hapo, wenyeji, nadhani hata mamba wa mtoni waliisikia. Zile mbuzi na kile kinu somo alivipeleka sokoni kesho yake akavibadilisha kwa fyekeo na tranka la chuma, na kile ambacho kwa desturi ni fungu la somo, khanga doti mbili na noti zilizobaki kwenye ungo, alikitia chote kwenye ada. Jumatatu asubuhi binti aliripoti.

Mngependa niishie hapo. Lakini somo alilipia ile siku kwa miaka. Makungwi wenzake walisema amegeuza mwali kuwa bango la kuombea michango, ameitoa ngoma ya wazee kwa ajili ya vyuma. Msimu uliofuata hawakumwita kwenye ngoma zao, na kwa mwanamke anayeishi kwa ngoma hiyo ni njaa. Alikuwa akija kukaa kibandani kwangu mchana, ananichambulia vifungo. Siku moja nikamwambia, kwa ujana wangu, kwamba wenzake wana wivu. Akatikisa kichwa. "Wana haki ya kukasirika. Mimi mwenyewe wali niliowatoa ni wengi. Wangapi walikuwa bado wana daftari? Nilipiga ngoma, wakatoka, wakaolewa. Sikuuliza. Nilikuwa nafurahi mno, mwanangu." Akaendelea na vifungo, vyeupe huku, vyeusi kule. Nikachota vifungo nikachambua naye. Maneno yale yalinigusa mimi mwenyewe.

Mimi pia niliwahi kupata barua ya chuo. Sijawahi kuwaambia. Ilikaa darini kwetu, imekunjwa, mpaka tarehe ya kuripoti ikapita. Mwezi huohuo ukoo wetu ulichangia harusi ya binamu yangu, watu wakala pilau siku mbili. Miaka mingi nilibeba moyoni kwamba hawakunipenda. Ushonaji nikajifunzia kwa jirani, kwa kuiba kwa macho. Ni ile Jumamosi, nikiwa peku na kiatu kimoja mkononi, nilipowaona shangazi zangu mimi, walewale walioijibu barua yangu "tutaona", wakigombania kutoa shuka, ndipo kitu kikafunguka. Walinipenda. Ila barua yangu ilikuwa karatasi ya kimya, nayo haikuwapa pa kuonyesha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mimi sikuchezewa.

Tazameni tunavyoomba michango ya masomo. Tunaita kikao. Tunachagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Mzazi anasimama mbele ya watu ameinamisha kichwa kama aliyevunja chungu cha mtu, anaeleza shida yake, na kila anayetoa anajiona anazika. Halafu tunalaumu kwamba watu wetu hawapendi elimu. Somo hakuwahi kuwalaumu. Aliuchukua ule mkono ambao tayari ulikuwa umezoea kutoa, akaugeuza kidogo tu. Aliyetoa ndoo aliondoka amejaa, ametoa na amechezewa, na mpaka leo yule muuza samaki huuliza, "Mwali wangu wa ndoo anaendeleaje?" Mwali wa ndoo, niwaambie, anaendelea vizuri. Ana karakana Bungu, madirisha ya nusu ya nyumba mpya za pale ni kazi ya mkono wake, na kijana aliyengoja hakungoja bure. Na jambo limeota mizizi. Mwaka jana walitolewa wali wawili kwa siku moja, wa kilimo na wa umeme. Kuna baba mmoja kaniuliza kama na mtoto wa kiume anaweza kuchezewa ngoma ya fomu. Baba, hata mapacha!

Mazishini nilisimama na wanawake, nikaona walivyo wengi, na kichwa changu hakijui kutulia, kikaanza kuota. Naota kila kata, kuanzia juu barabarani hadi visiwani kwenye mikoko, ina mwanamke mmoja aliyeikariri fomu. Naota hakuna barua inayolala darini. Mnaweza kusema mshonaji asiyefika chuo anaota makubwa. Semeni, midomo ni yenu.

Ninachojua ni hiki. Kuna mtoto hapo mtaani kwenu sasa hivi ana bahasha, na ameacha kuwaambia watu kwa sababu ameshaona nyuso zao. Usimwitie kikao. Mwulize tarehe ya kuripoti, kisha nenda katafute ngoma.