Posa Yangu na Ujumbe wa Ngazi ya Saba

Chekeni tu, sikatazi, maana mimi mwenyewe nikipita Magomeni karibu na kwa wakwe zangu bado nainamisha uso kwa aibu.

Mimi ndiye fundi wa mtandao kwenye ofisi yetu ya kutoa mizigo bandarini, na siku tunapeleka posa kwa kina Zuhura msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, malori yamejipanga mpaka nje ya geti, mtandao ukikatika hakuna lori linalosogea. Mshenga wangu alikuwa bosi wangu, Mzee Chitanda, naye alinionya mapema, "Nitakusemea, mwanangu, ila mitambo ikizima naondoka, posa au si posa." Nikamtuliza. Ile mitambo huandika kila kinachoitokea, na kila ujumbe una ngazi yake ya uzito, sifuri hadi saba, basi nikaamua simu yake ipokee zile nzito tu, nikachagua saba (kitabu cha maelekezo nilikuwa nacho, lakini nani anasoma kitabu siku ya posa?), nikamwambia, "Ikilia tu, mzee, ujue bandarini pamewaka."

Tumekaa mkekani, kanzu zimenyooka, mimi kimya kama desturi inavyotaka, baba yake Zuhura anauliza, "Haya wageni, mna haja gani?" Mzee Chitanda akakohoa, "Tumekuja kuomba..." simu ikalia. Akaanza tena, ikalia tena, kisha ikawa mfululizo, akaichungulia, akaona Kiingereza kimejaa kioo kizima, akaruka, "Twende, mwanangu, pamewaka!" Na mimi, kwa kuogopa kibarua kuota nyasi, nikamfuata mbio, mguu mmoja nimevaa kiatu changu, wa pili kiatu cha baba mkwe.

Bandarini shwari, mlinzi anakunywa chai. Nikasoma zile jumbe: feni inazunguka vizuri, saa imerekebishwa, printa imewashwa. Ndipo nikafungua kitabu. Kumbe namba ikipungua ndiyo uzito unazidi, sifuri ndiyo dharura yenyewe, saba ni mtambo unajisemea peke yake, na ukiomba saba unaletewa zote! Mzee Chitanda akaizima simu yake, akaninyooshea kidole kile kiatu cha baba mkwe mguuni mwangu.

Tukarudi, nimeshika kiatu cha watu mkononi. "Binti yangu ana nini mpaka mnamkimbia?" akauliza mzee. Nikaona Zuhura ananiponyoka hivi hivi, nikavunja desturi nikaanza kujieleza mwenyewe, kwamba mitambo hupanga mambo kwa namba, sifuri hadi saba, nami nimekosea namba, na kabla sijamaliza shangazi yake, Bi Somoe, akanikatiza.

"Na Zuhura wetu umempa namba ngapi?"

Nikajibu kwa mapenzi yangu yote, "Sifuri, shangazi! Sifuri kabisa!"

Jamani! Baba mkwe akasimama, akanionyesha mlango. Aliyeniokoa ni Zuhura, kacheka huko chumbani mpaka kakohoa, "Baba, mwache basi amalize!" Nikamaliza, kwamba kwenye mitambo sifuri ndiyo nzito kuliko zote, na mzee akatoa hukumu, "Ijumaa mje muanze upya. Na wewe kijana utakaa nje."

Nilimuoa, alhamdulillahi, lakini nimeapa: kitabu kwanza, kubonyeza baadaye, na ukweni sifungui mdomo. Hata jana Bi Somoe kapiga simu, salamu zenyewe hajamaliza, ananiuliza, "Eti, Sifuri wetu hajambo?"