Posa Iliyongoja Picha

Baba yangu alikuwa karani wa bandarini, mtu wa Lindi aliyehamia Temeke, na hapa duniani aliamini vitu viwili bila kuuliza maswali: Mwenyezi Mungu na picha za kauboi. Kila Jumapili alioga, akavaa koti, akashika njia ya mjini kwenda sinema, na jioni tulipokaa kula akatusimulia nani kapigwa risasi. Mtu mkuu wa picha tulimwita stelingi, na juu ya huyo Baba alikuwa na kanuni moja tu. "Stelingi hafi," alisema. Anayekufa, hata awe mzuri vipi, hakuwa stelingi, ulimdhania tu.

Sisi wanawake tulikuwa na zetu za Kihindi. Nazo tulizijua kabla hazijaanza: binti atapenda, baba atakataa, wataimba, tutalia, mwisho harusi. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyelalamika kwamba anaujua mwisho. Tulikwenda kwa sababu tunaujua, na leso tukabeba kabisa.

Aina ya tatu ilitufuata yenyewe, bure, kwa gari la serikali. Picha hizo siku zote zilikuwa na wanaume wawili, mwerevu na mjinga. Mwerevu anachemsha maji, mjinga anamcheka. Mwisho mwerevu ana ng'ombe na mjinga ana homa. Serikali ilidhani tunakwenda kujifunza kwa mwerevu. Masikini serikali! Tulikwenda kumwona mjinga. Mwerevu alipotokea, watu walinyanyuka kununua karanga.

Mwaka nilioposwa, gari lilikuja kutengeneza picha yenyewe, hapo hapo mtaani kwetu. Aliyeniposa alikuwa fundi cherehani, mtanashati kuliko wanaume wote wa Temeke, ila alikuwa na shingo ndefu na miguu iliyotangulia mwili. Mshenga wake alikwisha kuileta posa, na Baba alikuwa bado anafikiria jibu.

Mzungu wa picha hakuuliza nani anaweza kuigiza. Aliwapanga vijana akawatazama nyuso, kama mtu anayechagua mapapai. Mkalimani akaeleza kwamba picha ni fupi, hakuna nafasi ya kusimulia mengi. Mjinga lazima ajulikane pale pale anapoingia. Mchumba wangu akaambiwa atembee. Hakufika mbali, Mzungu akapiga makofi. Mjinga kapatikana.

Uwerevu akapewa kijana wa mtaa wa pili ambaye mama yake alikuwa bado anamchotea maji ya kuoga. Uso wake ulikuwa umetulia, nakubali, kwa kuwa haukuwahi kusumbuliwa na kazi. Shati la maana hakuwa nalo. Akavishwa la mchumba wangu, jeupe, alilolishona kwa mkono wake, na mchumba wangu akapewa matambara. Nilitamani kumrarua mtu.

Basi mjinga akacheza bao kando ya madimbwi ya mbu, na mwerevu akafyeka majani, ambayo kwa kweli yalifyekwa na wenzake kamera ilipogeuzwa. Mwishowe mjinga akalazwa mkekani, akafa kwa homa. Baba alikuwepo. Aliporudi nyumbani alimwambia Mama, "Mie siwezi kumpa binti yangu mtu wa kufa."

"Si anaigiza tu, baba watoto?"

"Kwa nini wamchague yeye? Yule Mzungu kazi yake ni kutazama watu. Nitaiona picha kwanza, ndipo nijibu."

Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda kulia jikoni. Nilimpenda yule fundi, shingo na yote. Miezi ikapita, mshenga anakuja na kurudi mikono mitupu, na shangazi yangu akaanza kumtaja yule mwerevu.

Hatimaye gari likarudi. Shuka jeupe likafungwa uwanjani, na baada ya magharibi tukakaa, wanawake upande wetu, wanaume upande wao. Mjinga alipotokea, uwanja mzima ukaangua kicheko. Alijikwaa, wakacheka, alimfukuza mbu kwa kofia, wakashika mbavu. Mtangazaji akatuhimiza kwenye kipaza sauti tumwangalie mwerevu anavyofyeka. Wauza karanga wakafanya biashara.

Kisha akafa. Nilikuwa najua kwamba atakufa. Nilimwona akifa mchana kweupe, nikamwona akiinuka mkekani na kudai shati lake. Lakini kwenye shuka alikuwa mkubwa, kimya, shingo ile imelala upande, na hakuinuka. Nikapiga ukelele. Ulitoka wenyewe, na wanawake, ambao leso walikuwa nazo, wakanipokea.

Hapo mtu akasimama upande wa wanaume, mbele ya taa ya mashine. Kivuli chake chenye shingo ndefu kikamfunika maiti wa kwenye shuka.

"Nipo! Jamani, sijafa! Nipo hapa!"

"Kaa chini, mjinga wewe!" mtangazaji akafoka kwenye kipaza sauti, na uwanja ukavunjika mbavu.

Baba hakucheka. Tulipofika mlangoni kwetu akamgeukia Mama.

"Mshenga akija, mkaribishe."

"Umeona nini?"

"Binti analia, baba kakataa. Picha hiyo hata mie naijua, na adui wake ni mimi." Akavua kofia. "Halafu yule kijana kasimama. Sikukwambia? Stelingi hafi."

Alikosea, Baba: stelingi naye hufa, ingawa wangu hakufa mapema. Fundi wangu alinishonea magauni miaka mingi, akawashonea watoto, akawashonea wajukuu sare za shule. Siku ya msiba wake wanawake tulikaa upande wetu na wanaume upande wao, kama uwanjani. Nilikuwa natazama sana upande wa wanaume.