Mtoto Aliyengoja Wenzake

Mjukuu wangu alianza chekechea hapa Kibomet, mjini Kitale, akiwa na miaka minne, bila neno hata moja la Kiswahili. Alizaliwa Ujerumani, na Kijerumani ndicho alichosikia nyumbani na shuleni. Kwake Kitale ndiyo ilikuwa ng'ambo.

Mama yake, binti yangu, alikuwa amebakiza muhula mmoja wa masomo ya uuguzi, na baba yake hufanya kazi mbali na nyumbani. Binti yangu akaniletea mtoto, akakaa nasi kidogo, akarudi Ujerumani. Tulikubaliana kwamba mtoto akishindwa kuzoea, mama ataacha masomo aje amchukue. Nilimwambia aende asome kwa amani. Nimelea watoto, nikamwambia, nitashindwaje na mmoja?

Siku ya kwanza wenzake walimzunguka wakamshika nywele. Hakulia. Alisimama wima kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi, na walipomaliza akanyoosha mkono akashika zao. Nilikuwa bado langoni, nikacheka peke yangu. Baada ya siku chache alikuwa anaimba nyimbo zao kwa sauti kubwa bila kujua anaimba nini. Foleni ikipangwa, yumo. Wakiruka, anaruka. Mimi nilipelekwa shule ya sekondari ya bweni nikijua Kiingereza cha kutosha, na bado nilikaa kimya muhula mzima kwa kuogopa kuchekwa.

Shida ilikuwa uji. Saa nne watoto hukaa kwenye mabenchi, wakamiminiwa uji wa wimbi, na kila mmoja hunywa palepale anapopata, kwa sababu anayemaliza kwanza ndiye anayewahi bembea. Mjukuu wangu alipewa kikombe chake, akaweka mikono mezani, akakitazama. Uji ukashika utando juu. Wenzake wakaondoka, kengele ikalia, kikombe kikachukuliwa kikiwa kimejaa. Ikawa hivyo kila siku. Mwalimu aliniambia kwamba ikikaribia saa sita mtoto hulaza kichwa mezani kwa njaa.

Kwetu Bungoma mtu akikataa chakula chako, unajiuliza umemkosea nini. Mimi sikujiuliza. Nilijijibu tu kwamba uji wetu umemshinda. Nikanunua mkate na soseji mjini, nikamwomba mwalimu amkalishe peke yake karibu na mlango, wenzake wasimsumbue kwa kuomba. Mkate nao hakuugusa. Na watoto hawakukawia kupata maneno. Mvulana mmoja aliyekuwa akikaa naye benchi moja alianza kuwatangazia wengine, "Ati mzungu hataki uji yetu, bana. Ni ya maskini." Siku nyingine akaniuliza mimi mwenyewe langoni, kwa adabu kabisa, akiniita babu kwa lugha yetu, "Kuka, huyu wako ni bubu?"

Kilichonichanganya ni kwamba nyumbani alikula vizuri. Ugali na mboga ya mrenda alivuta mpaka sahani ikang'aa. Nikaona dawa ni kumtoa shule. Dada yangu anaishi Mabanga, ana kuku na wajukuu wengi, akakubali nimpelekee mwisho wa wiki. Lakini naye ni mgonjwa wa miguu, asingeweza kumkimbiza mtoto mdogo mpaka mwisho wa muhula, na mimi nililijua hilo. Ilibidi nimpigie binti yangu simu nimwambie nimeshindwa.

Akasema ataangalia tiketi. Halafu akauliza kitu ambacho mimi sikuwa nimekiuliza: hao watoto wengine wanaanzaje kula? Nikamwambia wanaanza wanapopewa, wataanzaje tena?

"Baba," akasema, "shuleni kwake mtu haanzi mpaka wote wapewe. Wanashikana mikono mezani, wanatakiana mlo mwema, ndiyo wanakula. Huyo anawangoja."

Hapo nikaelewa mambo ya nyumbani. Kabla ya kula mimi huomba, na wakati wa kuomba nilikuwa namshika mkono, nikiogopa asije akauweka kwenye ugali wa moto. Yeye alidhani tunashikana. Na shuleni nilikuwa nimemtenga na walewale aliokuwa anawangoja.

Asubuhi nilimweleza mwalimu, nikamwomba amrudishe benchini. Mwalimu alicheka. "Mzee, hawa wangojane? Uji utanywewa na nzi." Lakini alimrudisha, akaniruhusu nisimame nje ya dirisha.

Uji ukamiminwa. Mjukuu wangu akatazama kulia na kushoto, kisha akamnyooshea mkono yule mvulana wa maneno. Mvulana akavuta kikombe chake haraka akakificha kifuani. Mkono ukabaki pale, umefunguliwa. Mvulana akautazama, akatazama kikombe cha mgeni ambacho hakijaguswa, akaona hakuna anayetaka kumnyang'anya. Akampa mkono, wenye uji. Msichana wa upande wa pili akatoa wake bila kuombwa. Mtoto akasema maneno yake ya Kijerumani, polepole, kama anayewafundisha wadogo zake, akawaachia, akainua kikombe akanywa mpaka nikaona kitako cha kikombe.

Sikumsaidia mimi, wala mwalimu. Sisi wenye lugha tulikuwa tumemfanyia mipango ya kumwondoa, naye asiye na lugha akanyoosha mkono kwa yule anayemcheka. Mimi nisingeweza. Katika maisha yangu nimeacha kusalimiana na watu kwa maneno madogo kuliko yale.

Nilimpigia dada yangu simu kwamba hatuji tena, akalalamika kwamba ameshatandika kitanda. Kisha nikampigia binti yangu. Alikuwa ametoka zamu, sauti imechoka, akaniambia tiketi amezipata, anasubiri neno langu alipe.

"Usilipe," nikamwambia. "Soma. Mtoto ana watu hapa."