Nusu Saa Inaanzia Wapi?

Mama wa foni, aliyewaendeshea wenye malori stesheni ya redio, amefariki Butembo wiki hii, kwa ugonjwa, kitandani kwake, jambo ambalo katika miaka hii ya vita tunakaribia kulishukuru. Kwenye matanga mhubiri alisema marehemu alikuwa mpole. Wasomaji wangu mnajua siachi maneno yapite hivi hivi: hakuwa mpole. Kutoka Beni hadi Kanyabayonga, kila aliyeshika ile redio ya kuitana alitukanwa naye kabla ya kusalimiwa. Wenye malori waliomwajiri walimwogopa. Mimi nilimpenda, ingawa kila nilipokwenda kwake kusikiliza habari za barabara aliniuliza nitaacha lini kuuliza.

Mtandao wao wa stesheni za redio ulikuwa na sheria: stesheni isipojibu kwa nusu saa, ihesabiwe imetekwa, na wengine wote wahamie masafa ya siri, ili askari aliyenyang'anya mashine asisikie malori yako wapi. Sheria nzuri, ila haikusema nusu saa inaanzia wapi. Beni walihesabu tangu walipoita. Mama alihesabu tangu aliposikia chochote mara ya mwisho. Asubuhi moja, nikiwa kwake, stesheni ya Manguredjipa ikanyamaza. Beni wakahama, sisi tukabaki, kwa kuwa baada ya Beni kuita mama alikuwa amesikia neno moja la Manguredjipa ambalo wao hawakulisikia. Mke wa opereta wa Manguredjipa alikuwa ameketi nasi, akijua kwamba tukihama, mumewe hata akiwa hai ataita pasiwe na wa kumjibu. Muda wetu nao ulikuwa karibu kuisha spika ilipotoa mlio wa kifungo kinachobonyezwa bila neno: kri, kri.

“Huyo anaweza kuwa askari,” nikasema.

“Anaweza,” mama akajibu. “Tunaanza kuhesabu upya.”

“Mais mama, hakuna mutu alisema kitu!”

“Weye mutoto ya chuo, mutu mwenye kujificha atakusomea discours ya mukutano? Nyamaza, nisikie.”

Dereva mmoja akachungulia mlangoni: basi anaweza kuondoka?

“Hapana! Hii kri-kri haifungue barabara. Sauti njo inafungua.”

Mama hakutaja lori wala njia hewani. Aliita jina la stesheni tu, akanyamaza, akaita tena. Hatimaye ikaja sauti ya chini sana: “Mama, niko mu mihogo na mashine. Hapana kuhama.” Mke akajifunika uso kwa kitenge. Mama akafoka: “Mupumbavu, betri inaisha na uko unabembeleza! Zima, utaita magaribi!” Kisha akaenda kuwatafuta Beni kwenye masafa yale ya siri: “Munakimbia kama kuku! Mulimuzika mutu angali anapumua!”

Baadaye stesheni zote zilikubaliana: muda uhesabiwe tangu kitu cha mwisho kusikika, mlio mtupu uongeze kungoja, lakini sauti inayojulikana pekee ndiyo ifungue njia.

Bado nabisha kidogo. Kidole kile kilichobonyeza kifungo kingeweza kuwa cha askari, na mama alilijua hilo kama mimi. Tofauti ni kwamba shaka yangu ilitaka tuhame, yake ilifunga mdomo kuhusu malori na kuacha sikio wazi. Vita hivi vimetuzoeza kutangaza haraka nani amepotea, na karibu siku zote tunahesabu tangu sisi tulipoita. Mtu aliye kichakani hana saa yetu. Tumhesabie tangu dalili yake ya mwisho, hata kama ni ndogo kama kidole juu ya kifungo.